Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Tarehe 25 Oktoba 1923, katika jumba la Champs-Élysées mjini Paris, ilichezwa baleti iliyopewa jina la Kuumbwa kwa Ulimwengu. Kisa chake kilikuwa cha Waafrika. Mshairi Blaise Cendrars alikitoa katika hadithi za kabila la Wafang wa Afrika ya Kati, ambazo alikuwa amezikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1921. Muziki aliutunga Darius Milhaud, aliyekuwa ametoka kusikiliza jazi ya watu weusi huko Harlem, New York. Mapazia na mavazi aliyachora Fernand Léger, kwa kuiga vinyago vya Kiafrika. Na mtunzi wa michezo yenyewe alikuwa Jean Börlin, kijana wa Kiswidi, pamoja na kundi la wachezaji kutoka Sweden.

Kila kitu kilikuwa cha Mwafrika, isipokuwa Mwafrika mwenyewe. Yeye hakuwapo. Na huko alikokuwapo, katika Kongo ya Mfaransa, miaka hiyohiyo alikuwa akiswagwa kwa kiboko kujenga reli ya kutoka Brazzaville kwenda baharini, reli iliyoanza mwaka 1921 na kumalizika 1934 na kuua maelfu ya watu. Paris wakishangilia jinsi Mwafrika alivyoumbwa, Mayombe alikuwa akizikwa.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu miaka 89 baadaye, mwaka 2012 ulipofika, alitokea mtu wa Kongo akaichukua baleti hiyohiyo, akairudisha jukwaani, kisha akaiuliza maswali. Jina lake Faustin Linyekula. Ni mtunzi wa ngoma za kisasa, mtu wa Kisangani, mji ambao Kiswahili kinasikika sokoni kama kinavyosikika kwetu, ingawa na ladha yake. Nia yangu ni kuipima kazi yake, maana ndani yake limo jambo linalotuhusu sisi wa Chiola, wa Nachingwea na Ruangwa kwa jumla, kuliko linavyowahusu watu wa Paris.

Najua wako wasomaji watakaokunja uso. Watasema: gazeti la adabu na maarifa, ngoma zimeingiaje? Nawajibu kwamba ngoma haikuhitaji ruhusa yetu ili iwepo. Ipo. Kila kiangazi jando na unyago vinapoingia, ngoma zinalia katika vijiji vyetu, na watoto wetu wamo. Mwenye kutaka kusema juu ya ngoma, kwa kuisifu au kuikemea, na aijue kwanza. Kukemea usichokijua ni kelele tu.

Basi tufahamu kwanza baleti ni nini. Ni mchezo wa majumba ya wafalme wa Ulaya. Ulizaliwa Italia ukalelewa Ufaransa, na mfalme Louis wa 14, ambaye alikuwa akicheza mwenyewe, aliuanzishia chuo mwaka 1661. Ndiyo maana majina ya hatua zake hata leo ni ya Kifaransa, awe mchezaji ni Mrusi au Mjapani. Siri yake ni kuukana uzito. Mgongo umenyooka, nyayo zimegeuzwa nje, mwili wote unataka kupaa, na mwanamke husimama juu ya ncha za vidole kana kwamba ardhi ina moto. Ngoma zetu, kwa kawaida yake, ni kinyume cha hayo. Goti limekunjwa, unyayo mzima uko chini, na mwili haufuati amri moja: bega lina mdundo wake, kiuno wake, mguu wake. Mchezaji wa baleti anaikimbia ardhi, wa kwetu anazungumza nayo. Tena wa baleti hutazamwa na watu waliokaa gizani kimya. Wa kwetu anazungukwa, anaitikiwa, na mtazamaji akizidiwa huingia uwanjani.

Kuzichanganya mbili hizi si kazi ndogo, na wapo waliojaribu kwa njia mbalimbali. Marehemu Dada Masilo wa Afrika Kusini, aliyefariki Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 39, alizijua zote mbili mwilini mwake. Mwaka 2010 alilichukua Ziwa la Mabata-maji, ile baleti maarufu ya Warusi yenye muziki wa Tchaikovsky, akawavua wachezaji viatu na kuwachezesha miguu mitupu. Mwaka 2017 akaichukua Giselle, kisa cha msichana aliyehadaiwa akafa kwa uchungu, na malkia wa mizimu akamgeuza kuwa mganga wa jadi. Giselle wa Wazungu husamehe. Giselle wa Masilo hakusamehe. Hapo utaona kwamba kuchanganya hakukuwa kwa miguu tu, bali kulifika hadi kwenye hukumu: nani amedhulumiwa, na ana haki gani.

Linyekula yeye hakupita njia hiyo. Hakusomea baleti tangu utoto. Alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, kusini ya Kisangani, akasoma fasihi na maigizo, na vyuo vya Zaire vilipofungwa katika fujo za mwanzo wa miaka ya 1990 akaenda Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye na Mkenya Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha kikundi kilichoitwa Gàara, kikundi cha kwanza cha ngoma ya kisasa katika Kenya. Mchezo wao ulioitwa Cleansing, yaani utakaso, ulitunzwa Luanda mwaka 1998. Mwaka 2001, nchi yake ikiwa bado vitani, alirudi Kinshasa akaanzisha Studios Kabako, kwa jina la rafiki yake aliyekufa. Mwaka 2006 akaihamishia kazi yake Kisangani, mji ambao Juni 2000 ulikuwa umepigwa mizinga kwa siku sita na majeshi mawili ya kigeni, ya Rwanda na Uganda, yakigombania mali isiyokuwa ya yeyote kati yao.

Zingatia hapo, msomaji. Msanii mwingine akishafahamika Paris na Brussels hubaki hukohuko. Huyu alirudi kwenye magofu. Mwenyewe amezoea kusema kwamba alichorithi ni rundo la magofu, na kazi yake yote inaweza kusomwa kama jaribio la kutafuta, ndani ya rundo hilo, kitu kinachofaa kusimamishwa tena. Katika mchezo wake uitwao Tamasha la Uongo alipiga kanda za hotuba za viongozi wa nchi yake, mmoja baada ya mwingine, huku watu wakila na kunywa. Katika Dinozord alileta barua na maneno ya rafiki yake Antoine Vumilia, aliyefungwa katika gereza la Makala baada ya kuuawa Rais Laurent Kabila mwaka 2001, akayachanganya na muziki wa maziko wa Mozart. Mwili wake mwenyewe jukwaani ni mwembamba, wa kutetemeka, kifua kinakwenda kama cha mtu aliyeshikwa na homa. Hakuna urembo wa kupendeza macho hapo. Wanaotaka burudani hutoka wamenuna.

Sasa turudi kwenye ile baleti ya 1923. Mwaka 2012 kundi la Ballet de Lorraine la mji wa Nancy, Ufaransa, lilimwalika Linyekula, nalo ni kundi la wachezaji waliofundwa kwa baleti ya Kizungu. Wataalamu wawili, Millicent Hodson na Kenneth Archer, walikuwa wameijenga upya kazi ya Börlin kutokana na michoro na maandishi ya zamani, mavazi yake mazito ya mbao na maturubali yakiwa yaleyale ya Léger. Linyekula angeweza kukataa, akasema hii ni kejeli kwa watu wetu, ichomwe. Angeweza pia kupokea pesa na kupiga makofi. Hakufanya hili wala lile. Aliiweka kazi ya zamani nzima, bila kuikatakata, katikati ya mchezo wake, ionekane jinsi ilivyoonekana: miungu watatu (habari ya miungu hiyo tuwaachie wenyewe), wanyama, nyani, ndege wa miguu mirefu, kisha mwanamume na mwanamke wa kwanza. Na kwa kweli ina uzuri wake. Halafu akamwachia jukwaa Mkongo mmoja, Djodjo Kazadi, peke yake mbele ya kundi lile, auulize mchezo huo swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwaka 1923: huyo mtu mweusi mnayemcheza alikuwa wapi?

Mimi nahesabu hiyo kuwa kazi yake ya haki kuliko zote. Mtu ana hasira, na hasira yake ina sababu, lakini haimfanyi aseme uongo juu ya adui yake. Anampa nafasi ya kuonekana kwa ubora wake, ndipo anamhoji. Hakimu mwema hufanya hivyo. Wakosoaji wetu wengi, khasa tunapozungumzia Wazungu, hatufanyi. Tunamnyima mshtakiwa kusema, kisha tunajiona tumeshinda.

Lakini hapa pia ndipo ninapomlaumu. Swali la Kazadi liliulizwa Nancy, mbele ya Wafaransa, kwa Kifaransa, na gharama zililipwa na Wafaransa. Anayeshtaki na anayeshtakiwa wanakula katika sahani moja. Tangu alipopewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi mwaka 2007, na alipoalikwa kuongoza tamthilia ya Racine katika Comédie-Française mwaka 2009, sehemu kubwa ya watazamaji wa kazi zake kubwa wamekuwa watu wa Ulaya. Wazee wetu husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu anatunzwa ugenini. Na mtu anayetunzwa ugenini, hata akiwa na moyo safi namna gani, hujifunza pole pole ni jeraha gani wageni wanapenda kuliona. Kuna michezo yake ambayo maneno yamezidi ngoma, kana kwamba anaogopa mgeni hataelewa asipofasiriwa. Mtu wa Kisangani hahitaji kuelezwa vita ya siku sita.

Kwa upande wa pili, insafu inatutaka tuseme pesa hizo zimekwenda wapi. Kisangani ameweka studio, anafundisha vijana, anapeleka michezo katika mitaa, na katika kata ya Lubunga, ng'ambo ya mto, Studios Kabako imeshughulikia hata mambo ya maji safi ya kunywa. Mtunzi wa ngoma na maji ya kunywa! Sijui ni wangapi katika wasanii wetu wenye magari wamewahi kuuliza kijiji chao kinakunywa nini.

Kazi nyingine inayotugusa ni ya mwaka 2019, aliyoifanya kwa jumba la NTGent la Ubelgiji na kuonyeshwa Avignon. Ndani yake aliwaita jukwaani wazee wa Ballet National ya Zaire. Kikundi hicho kilizaliwa mwaka 1974, wakati Mobutu akihubiri uhalisi wa Kiafrika, na mchezo wake wa kwanza mkubwa ulikuwa utenzi wa Lianja, shujaa wa kabila la Wamongo. Wachezaji walikusanywa kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na ngoma ya kwao, wakaambiwa sasa nyinyi ni taifa. Jina la kundi likawa baleti, kama lilivyokuwa kwa Waguinea waliotangulia na Les Ballets Africains ya Keïta Fodéba. Tazama ajabu hiyo: tunaikomboa ngoma yetu, na siku ya kuikomboa tunaipa jina la mchezo wa mfalme Louis! Si jina tu lililoingia. Iliingia na safu iliyonyooka, na sare, na kumgeukia mtazamaji badala ya kugeukiana. Na aliyeketi kiti cha mbele alikuwa mtawala. Linyekula hawacheki wazee hao. Anawaacha waseme fahari waliyokuwa nayo, kwa kuwa fahari ilikuwa ya kweli, na anawaacha wacheze kwa miili yao ya uzee. Mtazamaji anabaki na mambo mawili mkononi yasiyopatana: kwamba walitumiwa, na kwamba walikuwa wazuri.

Nani katika sisi hajui habari hiyo? Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alisikitika Bungeni kwamba wasomi wetu wanajua kucheza dansi za Kizungu na chacha, lakini gombesugu au lelemama hawazijui, na akaunda wizara ya utamaduni. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, ambacho kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Na ngoma iliyopata jina kuliko zote katika safari hiyo ilitoka huku kwetu kusini: sindimba ya Wamakonde.

Kwa wenyewe sindimba ina siku yake. Ni furaha ya watu wanaojuana. Wazazi wapo, makungwi wapo, na macho ya wakubwa ni ukuta unaomzuia mtu asivuke mpaka. Ilipopandishwa jukwaani ilibaki miondoko ikapotea jamaa. Safu ikanyooshwa, muda ukafupishwa, na kilichopigiwa makofi zaidi kikaongezwa. Makofi ya mgeni yalikwenda kiunoni, basi kiuno kikawa ndiyo ngoma. Kufika miaka ya 1980, katika kumbi za pombe za Dar es Salaam, kilichokuwa sherehe ya kumpokea mtoto katika utu uzima kilikuwa kinauzwa pamoja na chupa. Kisha watu haohao waliolipa kiingilio wakasema Wamakonde hawana haya. Nasema hapa pana dhulma, na dhulma haikufanywa na aliyecheza kijijini. Imefanywa na aliyevunja ule ukuta wa macho ya wakubwa, akauza kilichokuwa nyuma yake, halafu akamwachia mwenyewe fedheha.

Wala si sindimba peke yake. Katika kambi ya Frelimo hapa Nachingwea, mpaka uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, vijana waliotoka mikoa mbalimbali ya nchi yao walifundishana ngoma zao jioni, Mmakonde akajifunza ya mtu wa kusini, na wa kusini ya Mmakonde. Wakuu wao walilikusudia jambo hilo, wajione watu wa nchi moja. Baada ya uhuru nao wakawa na kikundi chao cha taifa cha nyimbo na ngoma. Hivyo ardhi hii yetu ya korosho na ufuta, ambayo mgeni huikumbuka kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanguka kati ya 1947 na 1951, ilikuwa pia mahali ambapo ngoma za taifa jingine zilianza kuunganishwa. Sijaona jukwaa lolote lililoisimulia habari hiyo kwa adabu aliyoitumia Linyekula kwa wazee wa Kinshasa.

Anayetaka kuifanya asianze na baleti. Linyekula mwenyewe, baada ya miaka kumi ya kusimulia habari za nchi nzima, mwaka 2011 alitunga mchezo wa mtu mmoja, Le Cargo, uliomrudisha Obilo, kijiji kilicho kwenye njia ya reli ya zamani kati ya Kisangani na Ubundu, alikokaa utotoni. Alitaka kuzitafuta ngoma za kwanza alizowahi kuzisikia usiku, alipokuwa mdogo mno kuruhusiwa kuziona. Huko Ulaya wanamjua kuwa bwana wa jukwaa, lakini alikwenda Obilo kama mwanafunzi, akiwa na swali dogo tu, ngoma ile ilikuwaje. Jukwaani anakaa juu ya kigoda, na kwanza anasimulia. Kucheza kunakuja baadaye, na hata kunapokuja si ngoma ya Obilo kamili. Ni ya mtu aliyeikosa na anayejua kwamba ameikosa.

Nasi reli yetu ya Mtwara na Nachingwea iling'olewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee waliokuwa vijana wakati huo, waliozicheza ngoma kabla hazijapandishwa jukwaani, na wanaojua ipi ni ya hadhara na ipi si ya kuonyeshwa mtu, wengine wangali wapo Chiola, na mlango wao hauna kiingilio.